Umenunua gari la mkononi Arusha au Moshi? Hivi ndivyo kadi inavyohamia jina lako

Swali lile lile linarudi: "Nilinunua Toyota IST mwaka juzi. Mkataba ninao, kadi ya zamani ninayo, funguo ninazo, ila nikienda TRA naambiwa gari ni la mtu mwingine. Muuzaji hapokei simu. Nifanyeje?"

TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hawajakosea. Kwenye kumbukumbu zao mwenye gari ni yule aliyeandikwa kwenye kadi ya usajili, na mkataba ulio kwenye droo yako haujawahi kuwafikia. Karibu wote wanaokwama hukwama mahali pamoja: walilipa hela yote, wakapeana mikono, ndipo wakaanza kufikiria kadi. Tangu dakika ile muuzaji hana sababu tena ya kukaa foleni kwa ajili ya gari ambalo si lake.

Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa kanuni moja: kila kinachohitaji saini, TIN (namba ya mlipakodi) au miguu ya muuzaji kifanyike wakati bado anaisubiri hela yako. Huku kwetu jambo hili lina msimu wake. Desemba, watu wanaporudi nyumbani Kilimanjaro kula sikukuu, magari hubadilisha mikono haraka haraka Himo, Boma Ng'ombe na Usa River. Januari ikifika muuzaji yuko Dar es Salaam au Mwanza, na safari ya kuja kusaini anaipanga "nikipata nafasi".

Hatua zinazofuata zinahusu gari la binafsi la Tanzania Bara ambalo tayari lina namba. Pikipiki na kesi ngumu ziko chini.

## Vitu vya kuandaa

Kwa mnunuzi:

- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.
- TIN. Inatolewa bure. Mtu akikuomba hela ya TIN mlangoni mwa ofisi, huyo ni kishoka.
- Picha za pasipoti na nakala za kitambulisho.
- Simu yenye laini uliyoiandikisha kwenye TIN yako, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho huenda huko.

Kwa muuzaji:

- Kadi halisi ya gari. Nakala haitoshi, hata ikiwa na mhuri wa wakili.
- Kitambulisho chenye majina yaleyale yaliyo kwenye kadi.
- TIN yake, picha, na laini yake ya simu ikiwa hewani.
- Cheti cha bima kilicho hai.

Halafu kuna hela ya serikali, mbali na bei ya gari. Kwa gari, ada ya kuhamisha umiliki ni shilingi 50,000, kadi mpya ni 50,000 (viwango vya kadi vilipandishwa mwaka 2019), na ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani ya gari. Mfano, gari la shilingi 12,000,000 lina ushuru wa stempu wa 120,000. Jumlisha 50,000 na 50,000, unapata 220,000. Wakili wa mkataba mnaelewana naye pembeni. Viwango vya serikali huweza kubadilika kila tarehe 1 Julai Sheria ya Fedha mpya inapoanza kutumika, kwa hiyo ukinunua katikati ya mwaka ulizia kwanza.

Kwa kawaida mnunuzi ndiye anayelipa gharama hizi. Si lazima iwe hivyo, ila mkubaliane kabla. Nimeona biashara ya mamilioni ikivunjika kwenye ngazi za ofisi kwa sababu ya elfu hamsini ambayo kila mmoja alidhani ni ya mwenzake.

## Hatua ya 1: Linganisha kadi na chuma

Kabla ya kuongea bei, omba kadi na ufungue boneti. Linganisha vitu vinne: namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Soma tarakimu moja moja, kwa sauti, mtu mwingine akifuatilia kwenye kadi.

Chasisi imepigwa kwenye chuma chenyewe na haibadilishwi. Injini ndiyo yenye mambo. Chukua Toyota IST za toleo la kwanza, ambazo zimejaa kuanzia Kijenge hadi Majengo ya Moshi. Chasisi ikianza na NCP60, gari lilitoka kiwandani na injini ya 2NZ ya 1300. Ikianza na NCP61, lilitoka na 1NZ ya 1500. Ukikuta NCP60 yenye 1NZ, ujue injini imebadilishwa. Si kosa kubadilisha injini, fundi wa Unga Limited anaweza kuifunga siku moja. Tatizo ni pale kadi inapoendelea kusoma injini ya zamani.

Katika hali hiyo mwenye kadi ndiye anayepaswa kwenda kurekebisha taarifa TRA, akiwa na risiti ya ile injini, kabla ya kuuza. Ukikubali kwamba "utarekebisha mwenyewe baadaye", umenunua gari pamoja na maelezo ya kumpa polisi kuhusu injini usiyojua ilitoka wapi. Rangi nayo ni hivyo hivyo: gari la fedha lililopakwa jeusi na kadi bado inasoma fedha, muuzaji arekebishe kwanza.

Onyo: ukiona namba ya chasisi imekwaruzwa, imechomelewa upya au tarakimu hazilingani kwa ukubwa, acha. Usiombe punguzo, ondoka tu.

Angalia pia rangi ya kibao cha namba. Gari la binafsi lina kibao cha njano, la biashara kina rangi nyeupe. Noah iliyokuwa ikibeba abiria wa Arusha na Moshi ikiuzwa kwa mtu wa matumizi ya nyumbani, matumizi yake yabadilishwe kwenye kumbukumbu na vibao vipya vitolewe. Liulizie hilo mapema, maana lina gharama na muda wake.

Umefaulu hatua hii kama kila tarakimu ya kadi umeiona kwa macho yako kwenye gari.

## Hatua ya 2: Tafuta madeni yaliyojificha nyuma ya namba

Faini za barabarani hufuata namba ya gari. Ingia kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz, weka namba ya usajili, uone. Kosa moja ni shilingi 30,000, na deni huongezeka likicheleweshwa. Gari linalopita kila siku kati ya Moshi na Arusha, kwenye vibao vya 50 vya Boma Ng'ombe, Maji ya Chai na Usa River, linaweza kuwa limekusanya nyingi bila mwenyewe kusema.

Cha pili ni maegesho. Ushuru wa kuegesha katikati ya mji hukusanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kupiga picha namba au kuiingiza kwenye kifaa, na deni hubaki kwenye namba hiyo. Piga *152*00# na ufuate menyu ya maegesho.

Cha tatu ni bima. Mamlaka ya bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki stika mtandaoni: ingiza namba ya gari au ya stika kwenye tiramis.tira.go.tz uone kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Stika za kughushi zipo, na kuitazama tu kwa macho hakuwezi kukuambia ipi ni ipi.

Wapo bado wanaouliza kuhusu deni la "rodi laisensi". Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Dalali akikukata hela ya rodi laisensi leo, anakuibia.

Mkopo wa benki ndio deni baya kuliko yote. Gari lililonunuliwa kwa mkopo mara nyingi kadi yake inashikwa na benki, au jina la benki limeandikwa kwenye kadi pamoja na la mmiliki. "Kadi iko benki, lakini nimebakiza kidogo" ni sentensi ya kukufanya usimame. Dawa yake ipo: mwende benki wote wawili, hela yako ilipie salio moja kwa moja, benki itoe barua ya kuachia dhamana pamoja na kadi mezani hapo hapo. Muuzaji asiyetaka njia hiyo ana sababu yake, na wewe huhitaji kuijua.

Madeni yote madogo yalipwe na muuzaji kabla, au yakatwe kwenye bei kwa maandishi. Piga picha skrini inayoonyesha hakuna deni, yenye tarehe.

## Hatua ya 3: Hakikisha anayeuza ndiye mwenye kadi

Huu ndio mlango ambao wengi hupigia kichwa. Jina la kwenye kadi, jina la kwenye NIDA na sura iliyo mbele yako viwe vya mtu mmoja.

Usikubali "gari ni la shemeji", "kadi bado iko kwa aliyeniuzia", wala "mwenyewe yuko Mererani, ila nimempigia hapa". Kama mwenye kadi yuko mbali kweli, anaweza kumpa mtu uwezo wa kisheria wa kumwakilisha, yaani hati iliyoandaliwa na wakili na kusainiwa mbele yake. Hata hapo, mpigie mwenye kadi kwa video, na hela iingie akaunti ya jina lililo kwenye kadi.

Madalali wa Arusha na Moshi wanajua magari na wanajua nani ana shida ya hela. Sina ugomvi nao. Lakini dalali hana gari. Hela ya gari isipite mkononi mwake, na jina lake lisionekane kwenye mkataba isipokuwa kama shahidi.

## Hatua ya 4: Andika mkataba unaosomeka TRA

Mkataba wa karatasi ya daftari mbele ya mjumbe una thamani yake mtaani, ila kwa kazi hii tumia wakili. Uwe na:

- Majina matatu ya kila upande kama yalivyo NIDA, namba ya NIDA, TIN na simu.
- Namba ya usajili, chasisi, injini, aina, rangi na mwaka wa kutengenezwa.
- Bei kwa tarakimu na kwa maneno, na namna ya kulipa.
- Tarehe na saa ya kukabidhiana gari.
- Kwamba faini, ushuru na madai yote ya kabla ya saa hiyo ni ya muuzaji, na ya baada yake ni ya mnunuzi.
- Kwamba muuzaji atashiriki hatua zote za TRA hadi kadi mpya itoke.
- Kiasi kinachobakizwa hadi hapo.

Kipengele cha saa huonekana cha kuchekesha mpaka siku gari lililokabidhiwa saa nane mchana linapoletewa faini ya saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Kipengele cha mwisho ndicho uti wa mgongo wa mambo yote haya. Bakiza sehemu ya hela. Mimi napendekeza asilimia 10, na iandikwe waziwazi kwamba italipwa siku kadi inapotoka kwa jina la mnunuzi. Mwambie kwa heshima, "Kaka, hela yako ipo, hii ni kwa ajili ya kadi tu." Muuzaji mwema ataguna kidogo kisha atakubali. Na hiyo asilimia 10 ndiyo itakayomfanya apokee simu.

Kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa, asaini naye kama shahidi. Inazuia mtu kuja baadaye na madai kwamba mali ya familia iliuzwa kwa siri.

Onyo kuhusu bei: baadhi ya watu huandika milioni tatu kwa gari la milioni kumi na mbili ili kupunguza ushuru wa stempu. Unaokoa shilingi 90,000. Afisa anaweza asiikubali thamani hiyo, na biashara ikienda mahakamani, mkataba wako wenyewe unasema ulilipa milioni tatu. Ukitaka kurudishiwa hela, utarudishiwa hizo.

## Hatua ya 5: Nendeni TRA pamoja, kabla hela kubwa haijatoka

Siku ya kusaini mkataba ndiyo siku ya kwenda TRA. Chagueni siku ya kazi asubuhi, si Ijumaa mchana. Namba za magari ya Tanzania Bara hazina mkoa, hivyo gari lililosajiliwa Dar es Salaam linahamishwa jina hapa hapa Arusha au Moshi.

Maombi huingizwa kwenye mfumo wa TRA kwa kutumia TIN za pande zote mbili. Anayejua kuutumia anaweza kuanzia nyumbani kupitia akaunti yake ya mlipakodi. Kwa mara ya kwanza nashauri mwende ofisini, kwa sababu moja: kama TIN ya muuzaji ina kasoro (jina limekosewa, simu ya zamani, taarifa hazijahuishwa), inagundulika akiwa amesimama pembeni yako na inarekebishwa siku hiyo.

Mpangilio ni huu. Mnawasilisha kadi halisi, mkataba, vitambulisho na picha. Afisa analinganisha taarifa na anaweza kutaka kuliona gari lenyewe, kwa hiyo nendeni nalo. Maombi yakipita, inatolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba. Unailipia benki au kwa simu.

Kabla ya kubonyeza kulipa, soma jina linalotokea kwenye simu. Liwe la TRA. Hela ya serikali hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu, hata awe amevaa kitambulisho shingoni. Nje ya ofisi utakutana na wanaosema "nipe nikusaidie, nina mtu ndani". Kazi yenyewe haihitaji mtu ndani, inahitaji muuzaji.

Umefaulu hatua hii kama una risiti ya malipo yenye namba ya gari lako, na maombi yanaonekana kwenye mfumo kwa jina lako.

## Hatua ya 6: Sasa lipa

Maombi yakishapokelewa, lipa kiasi mlichokubaliana, ukibakiza kile cha kadi. Lipa kutoka akaunti kwenda akaunti, na akaunti ya kupokea iwe na jina la kwenye kadi. Kwenye maelezo ya muamala andika namba ya gari. Fedha taslimu kwenye bahasha ina hatari mbili: vibaka, na ubishi.

Kabidhianeni funguo zote, pamoja na ule wa akiba ambao kila muuzaji husema "upo nyumbani nitakuletea". Aulete kwanza.

## Hatua ya 7: Kagua kadi mpya kabla ya kuondoka nayo

Kadi ikitoka, rudia zoezi la Hatua ya 1. Jina lako lina herufi zote? TIN ni yako? Chasisi na injini hazijakosewa tarakimu? Kosa likionekana siku ile ile, kulirekebisha ni jambo dogo. Likigundulika miaka minne baadaye, wewe ukiwa muuzaji, utakuwa unazungushwa wewe.

Kisha mlipe muuzaji salio lake siku hiyo hiyo na mpe nakala ya kadi mpya. Ni haki yake. Naye ana sababu ya kuitaka, kwani gari likihusika kwenye ajali au uhalifu, polisi huanza kwa mwenye kadi. Na kama ni gari la biashara, kodi ya mapato hudaiwa kwa TIN iliyounganishwa nalo. Nyie mnaouza, msilale: uhamisho huu unawalinda ninyi pengine kuliko mnunuzi.

Kadi halisi iache nyumbani mahali salama. Tembea na nakala.

## Hatua ya 8: Bima kwa jina lako

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Kuendesha bila hiyo ni kosa. Usijidanganye kwamba stika ya muuzaji ikiwa hai inakutosha. Mkataba wa bima ni kati yake na kampuni yake. Ukigonga mtu na gari limebadilisha mwenyewe bila kampuni kuambiwa, umewapa sababu ya kubishana nawe.

Nenda kwa wakala na kadi mpya: ama wahamishe bima iliyopo, ama ukate mpya. Kwa gari dogo la binafsi, bima ya mtu wa tatu imekuwa 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 na VAT ya asilimia 18. Kisha hakiki stika yako mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA kabla ya kuondoka dukani.

## Hatua ya 9: Leseni yako iendane na ulichonunua

Gari likiwa halali na dereva si halali, bado unalala kituoni. Leseni ya Tanzania ina madaraja. Daraja D ni la gari la binafsi. Daraja A na matawi yake ni ya pikipiki. Daraja C na matawi yake ni ya kubeba abiria, na huwezi kulipata bila cheti cha mafunzo ya udereva wa abiria kutoka chuo kinachotambulika kama NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au VETA. E ni ya magari makubwa ya mizigo.

Kosa la kila siku Arusha: mtu ana D, ananunua Noah au kifodi, kesho anabeba abiria. Akikamatwa anaonyesha leseni kwa kujiamini. Leseni ni ya kweli, daraja si lake.

Kwa asiye na leseni kabisa, umri ni miaka 18 kwa gari. Unaanza na shule ya udereva na leseni ya mwanafunzi, unafanyiwa majaribio na polisi wa usalama barabarani, kisha TRA wanakupiga picha na alama za vidole. Ada ya leseni ni 70,000 nayo hudumu miaka 5 tangu mabadiliko ya mwaka 2019. Angalia tarehe ya mwisho leo. Trafiki wa Kikatiti ataiangalia kabla yako.

## Pikipiki, na hasa ya mkataba

Hatua ni zilezile. Tofauti ni ada: kuhamisha pikipiki ni 27,000, kadi yake ni 20,000, na ushuru wa stempu ni ile asilimia 1.

Tatizo kubwa liko kwenye boda ya mkataba. Kijana anachukua pikipiki kwa bosi, analeta hesabu kila siku kwa mwaka na zaidi, na makubaliano ni kwamba akimaliza pikipiki ni yake. Anamaliza. Bosi anampa kadi yenye jina la bosi na kumpongeza. Miezi sita baadaye bosi amefariki au wamegombana, na kijana hana ushahidi wowote zaidi ya daftari la hesabu.

Chalii wangu, kabla ya kushika usukani, mkataba uandikwe mambo matatu: jumla ya hela, siku ya mwisho, na kwamba bosi atahamisha kadi ndani ya muda uliotajwa baada ya malipo ya mwisho. Hesabu itumwe kwa simu, isipelekwe mkononi, ili muamala ubaki. Na hesabu ya wiki za mwisho usiitoe mpaka bosi aje TRA. Hapo pia, mwenye kusubiri hela ndiye mwenye miguu.

Ukibeba abiria utahitaji pia leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa jina la mwenye chombo.

## Kesi ngumu

Gari limepita mikono mitatu, kadi bado ni ya mtu wa kwanza. Mtafute wa kwanza kwa majina ya kwenye kadi. Kusanya mkataba wa kila mauzo kati yake na wewe. Akipatikana, mweleze kwamba faini na madai ya gari vinamwandama yeye; mara nyingi hilo humleta haraka kuliko kumbembeleza. Asipopatikana kabisa, njia iliyobaki ni wakili na mahakama kukutambua kuwa mmiliki. Ni ndefu na ina gharama, kwa hiyo kama bado hujalinunua gari la aina hii, liache.

Mwenye kadi amefariki. Mjane au mtoto mkubwa hawezi kukuuzia kwa sababu tu anakaa na gari. Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye hati ya uteuzi. Kikao cha ukoo pale Marangu au Machame ni mwanzo wa safari ya mahakamani, chenyewe hakihamishi kadi.

Gari la kampuni. Hapa Arusha ni Land Cruiser za utalii kwa wingi. Taka azimio la bodi linaloruhusu kuuza na kumtaja mwenye kusaini, TIN ya kampuni, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki. Halafu uliza swali la pili: liliingia nchini kwa msamaha wa kodi? Magari maalumu ya watalii, ya balozi na ya baadhi ya mashirika huweza kuingizwa kwa msamaha. Yakienda kwa mtu asiyestahili msamaha huo, kodi inadaiwa. Bei nzuri kupita kiasi ya gari la utalii mara nyingi maelezo yake yako hapo. Pata jibu la maandishi la TRA kabla ya kulipa.

Namba za Kenya au za Zanzibar. La Kenya linalopita Namanga au Holili huingia kwa kibali cha muda. Kuliuza huku bila kulipia ushuru ni magendo, na likikamatwa linataifishwa likiwa mikononi mwako. La Zanzibar husajiliwa na mamlaka ya huko; anzia TRA kuuliza kinachodaiwa ili lisajiliwe Bara, ndipo ujadili bei.

Kadi imepotea. Aliyeandikwa kwenye kadi apate ripoti ya upotevu ya polisi na aombe kadi nyingine TRA kwa jina lake mwenyewe. Ikitoka, rudini Hatua ya 1. Asikuuzie kwa ripoti ya upotevu peke yake, maana kadi "iliyopotea" inaweza kuwa imelala kwa mkopeshaji wa Kilombero, ikisubiri riba.